Maswali na Majibu ya Muziki: Kutoka Kwenye Skeli Hadi Kwenye Solo ya Ukulele

Barua za wasomaji wanaojifunza ukulele zimeongezeka, na nyingi zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: vidole vimekwisha kuzoea skeli, yaani ngazi ya sauti, lakini ukifika wakati wa kupiga solo, kinachotoka hakisikiki kama wimbo. Tumechagua barua nne. Ya kwanza imejibiwa kwa kirefu kuliko nyingine, kwa kuwa ndiyo inayogusa kiini cha tatizo. Majibu yanachukulia kwamba nyuzi za ukulele yako zimewekwa katika sauti za G, C, E na A, ambapo uzi wa G, ulio karibu na uso wako, una sauti ya juu kuliko uzi wa C unaoufuata.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwimbaji wa kwaya hapa Morogoro, na pia ninapiga ukulele. Skeli ya C ninaipiga kwa kupanda na kushuka bila kutazama vidole. Katika nyimbo zetu hufika mahali ambapo waimbaji hunyamaza nami hupewa nafasi ya kupiga solo juu ya kodi (nota kadhaa zinazolia pamoja) za C, Am, F na G7. Nota zote ninazopiga zimo ndani ya skeli, wala hakuna anayesema nimekosea, lakini mimi mwenyewe ninasikia kwamba ninapiga mazoezi. Je, kuna skeli nyingine ninayopaswa kujifunza?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Skeli uliyonayo inakutosha kwa muda mrefu ujao, na sikio lako limekwisha kukuambia ukweli. Unachokosa ni mahali pa kutua. Skeli inazipanga sauti saba katika mstari mmoja kana kwamba zote zina uzito sawa, ilhali kodi inayolia chini yake haizipokei kwa usawa hata kidogo.

Kwa kuwa wewe ni mwanakwaya, tuzungumze kwa solfa. Kodi ya C imejengwa kwa do, mi na so. Am ina la, do na mi. F ina fa, la na do. Na G7 ina so, ti, re na fa. Sauti iliyomo ndani ya kodi ikipigwa juu ya kodi hiyo hutulia, na ile isiyokuwamo hubaki ikitafuta pa kwenda. Chukua mfano wa re. Ukiishikilia juu ya kodi ya C, msikilizaji ataingojea ishuke kwenye do au ipande kwenye mi. Ukiishikilia juu ya G7, re hiyo hiyo inatulia kabisa, ingawa uzi ni ule ule na freti, yaani kigawanyo cha shingo unapobana kidole, ni ile ile. Mtu anayepanda na kushuka skeli bila kuzisikiliza kodi huziangukia sauti hizi kwa bahati tu, mara ikatua, mara ikaning'inia, na ndiyo sababu solo yake haina kosa wala haina maana.

Kwa hiyo anza kwa kuiweka skeli kando na kutumia nota mbili tu. Mwombe mwenzako azizungushe kodi hizo nne, kila moja mapigo manne, au uzipige mwenyewe na kujirekodi kwa simu. Kodi ya C inapoanza, piga uzi wa E ukiwa wazi, yaani mi, mara moja tu, uuache ulie. Am inapoingia, piga mi tena, kwa kuwa nayo imo. F inapoingia, bana freti ya 1 ya uzi huo huo upate fa, na G7 inapofuata uirudie fa hiyo, maana imo katika kodi zote mbili. C inaporudi, achia kidole nawe umerejea kwenye mi. Ukimaliza hapo, hamia kwenye uzi wa A. Do iliyo kwenye freti ya 3 inafaa kwa C, kwa Am na kwa F. Kisha G7 inapoingia unashuka freti moja tu kwenye ti, na C inaporudi unapanda tena kwenye do. Skeli yote ina hatua fupi mbili za namna hii, mi kwenda fa na ti kwenda do, na ndizo zinazomfanya msikilizaji ahisi kwamba mpiga solo na mpiga kodi wanakwenda pamoja. Usilidharau zoezi hili kwa sababu ya wepesi wake. Nimewasikia wapigaji wenye vidole vya kasi sana ambao hawawezi kulifanya bila kupotea, kwa kuwa hawajawahi kuzisikiliza kodi wanapopiga.

Zoezi hilo likishakaa, zipumzishe fa na ti kwa muda, ubaki na do, re, mi, so na la. Sauti hizo tano zinapatikana kwa urahisi: uzi wa C ukiwa wazi na kwenye freti ya 2, uzi wa E ukiwa wazi na kwenye freti ya 3, na uzi wa A vivyo hivyo ukiwa wazi na kwenye freti ya 3, ambapo do inajirudia kwa juu. Kwa kuwa hatua fupi zimeondolewa, hakuna sauti itakayogongana vibaya na kodi zako, na akili inapata nafasi ya kushughulikia jambo ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko yote, nalo ni mgawanyo wa pumzi.

Skeli haina pumzi. Inakwenda moja kwa moja mpaka nota ziishe. Solo, kinyume chake, inasemwa kwa vifungu, na sisi tuliokulia katika Kiswahili tunao mfano wa vifungu hivyo katika mshororo wa shairi, wenye mizani minane ya ukwapi, kipande cha kwanza, na minane ya utao, kipande cha pili, na kina kinachosikika kila kipande kinapofika mwisho. Tumia mshororo kama kiunzi cha solo yako. Chukua huu: *Upepo wavuma pwani, tanga limejaa tena.* Usome kwa sauti huku ukigonga mguu. Mizani sita ya kwanza ya ukwapi iende haraka, miwili kwa kila pigo. "Pwa" ichukue pigo zima. Na "ni" ianguke kwenye pigo la kwanza la kodi inayofuata, kisha unyamaze mpaka utao uanze.

Sasa vika mdundo huo nota. Juu ya kodi ya C, piga mi, so, so, la, so, mi, re, na kina cha "ni" kianguke kwenye do hasa pale Am inapoingia. Kwenye ukulele hiyo ni E wazi, freti ya 3 ya uzi wa E mara mbili, A wazi, freti ya 3 ya uzi wa E tena, E wazi, freti ya 2 ya uzi wa C, na kutua kwenye C wazi. Utao uanze pamoja na kodi ya F: la, la, do ya juu mara mbili, la, so, mi, na kina cha "na" kitue kwenye re pale G7 inapoingia. Angalia kilichotokea katika miisho hiyo miwili. Do imetulia kwa sababu imo ndani ya Am, na re imetulia kwa sababu imo ndani ya G7, lakini kwa kuwa G7 yenyewe inaelekea C, msikilizaji anabaki akijua kwamba maneno hayajaisha. Mshororo wa pili utakapokuja, urudie ukwapi kama ulivyo na ubadilishe utao peke yake, ukipanda pale ulipokuwa umeshuka.

Kurudia kusikutie hofu. Wanaojifunza hudhani kwamba kila kifungu lazima kiwe kipya, na hiyo ndiyo njia ya haraka ya kurudi kwenye kupanda na kushuka ngazi. Sikiliza namna gitaa la solo linavyofanya kazi katika sebene ya rumba ya Kongo, kuanzia kwa akina Nico Kasanda na Franco: kifungu kifupi kinapigwa, kinarudiwa, kinarudiwa tena, kisha nota moja inabadilishwa mwishoni, na badiliko hilo dogo ndilo linalowainua wachezaji, kwa sababu sikio lilikwisha kuzoea kile kilichotangulia.

Jambo la mwisho kwako, nalo ni hazina ambayo wapiga ukulele wengi hawana. Wewe unaimba. Kabla ya kugusa uzi, kiimbe kifungu kwa solfa juu ya kodi, hata kama ni cha nota nne, kisha ukitafute kwenye shingo ya ukulele. Ukiacha vidole vitangulie, vitakupeleka mahali vilipozoea, yaani kwenye skeli. Sauti yako ikitangulia, utavuta pumzi mahali ambapo binadamu huvuta pumzi, na solo itapata miisho yake yenyewe. Kitakachokupa shida mwanzoni ni ucheleweshaji kati ya kuimba na kuipata nota. Hilo linapungua kwa mazoezi, na ndiyo kazi ambayo skeli ilikusudiwa kuifanya tangu mwanzo: kukuonyesha kila sauti inakaa wapi ili uipate pale unapoihitaji.

SWALI: Mwalimu, ukulele yangu ni ile ndogo ya soprano. Ninapopiga solo, sauti inakufa kabla sijafika kwenye nota inayofuata, na rafiki yangu mpiga gitaa ananiambia kwamba chombo hiki ni cha kodi tu. Je, ni kweli? Msomaji, Nairobi.

JIBU: Si kweli, ndugu yangu, ingawa rafiki yako ameona jambo la kweli na kulitolea hukumu isiyo sahihi. Nyuzi ni fupi, ni za nailoni na hazikazwi sana, na sanduku ni dogo, kwa hiyo sauti haiwezi kukaa kama inavyokaa kwenye gitaa. Solo ya ukulele inapaswa kutungwa kwa kuujali ukweli huo. Nota ndefu irudie mara nyingi kwa haraka kwa kidole cha shahada, au uifikie kwa kuteleza kutoka freti ya chini yake, au uijaze kwa kodi.

Njia hiyo ya mwisho ndiyo iliyompa heshima Lyle Ritz, Mmarekani aliyerekodi muziki wa jazi kwa ukulele mwishoni mwa miaka ya 1950, ambaye solo zake zilijengwa kwa kodi zenye nota ya wimbo juu yake. Unaweza kuionja leo. Ukihesabu freti kutoka uzi wa G kwenda uzi wa A, piga C kama 0-0-0-3, Am kama 2-0-0-3, F kama 2-0-1-3, na G7 kama 0-2-1-2. Sikiliza uzi wa A peke yake: do, do, do, ti. Ni mstari ule ule niliomweleza msomaji wa Morogoro, ila sasa kila nota imebebwa na kodi yake na haiwezi kusikika nyembamba.

Njia nyingine inatokana na ule uzi wa G wenye sauti ya juu, ambao wengi huusahau wanapopiga solo. Mpangilio huo una asili yake. Wahamiaji kutoka kisiwa cha Madeira nchini Ureno waliwasili Honolulu kwa meli iitwayo Ravenscrag mwaka 1879, wakiwa na vyombo vyao vidogo vya nyuzi, na mafundi seremala watatu miongoni mwao, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, ndio wanaohesabiwa kuwa waundaji wa kwanza wa ukulele huko Hawaii. Moja ya vyombo vya Madeira, rajão, kilikuwa na nyuzi tano za D, G, C, E na A, na ukulele ikachukua nne za mwisho. Ukiutumia uzi huo wa G, skeli inaweza kupigwa kwa namna ambayo nota jirani nyingi zinakaa kwenye nyuzi tofauti na kuendelea kulia pamoja: C wazi, freti ya 2 ya uzi wa C, E wazi, freti ya 1 ya uzi wa E, kisha G wazi kwenye uzi wa nne, A wazi, freti ya 4 ya uzi wa G, na mwisho freti ya 3 ya uzi wa A. Usikiondoe kidole mpaka ulazimike. Zile nota nne za mwisho zitalia zikiwa zimepandana kama za kinubi, na tatizo la sauti kufa mapema halitasikika tena. Mpigie rafiki yako hiyo, kisha umwombe aipige kwenye gitaa lake kwa mpangilio wa kawaida. Atahitaji kujinyoosha kweli kweli.

SWALI: Je, nibadilishe uzi wa G niweke ule wa sauti ya chini ili nipate nota nyingi zaidi za solo? Msomaji, Arusha.

JIBU: Unaweza, lakini ujue unachopata na unachopoteza. Kwa kawaida ukulele yenye freti kumi na mbili inakupa sauti kuanzia C wazi hadi la ya juu kwenye uzi wa A, yaani oktavu moja (kutoka do hadi do ya juu yake) na nota tano zaidi za skeli. G ya chini inakuongezea so, la na ti chini ya do ya kwanza, jambo linalosaidia sana kwa nyimbo zinazoanza na so ya chini kabla ya kupanda kwenye do, na nyimbo za namna hiyo ni nyingi makanisani na shuleni. Unachopoteza ni ule mlio wa nota zinazopandana niliomweleza msomaji wa Nairobi. Herb Ohta wa Hawaii alijulikana kwa G ya chini. Jake Shimabukuro, wa Hawaii pia, anapiga solo zake zenye sifa duniani kote kwa G ya juu. Kwa hiyo uzi peke yake hauamui.

Kabla hujatumia fedha, jaribu kuuhamisha wimbo kwenye ufunguo wa F. Hapo do inakuwa freti ya 1 ya uzi wa E na so ya chini inakuwa C wazi, nawe umepata ulichokuwa unakitafuta bila kubadilisha chochote. Ukiamua kubadilisha, mpe fundi kazi hiyo, kwa sababu uzi wa G ya chini ni mnene na huenda ukahitaji mfereji wake kichwani mwa shingo utanuliwe kidogo.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mzee wa Unguja niliyekulia katika taarab, na mjukuu wangu amenifundisha ukulele. Mnazungumzia solo kwa mfano wa kodi, lakini sisi tunayo taksimu, ambayo haina kodi wala mapigo ya kuhesabu. Inawezekana kuipiga kwenye chombo hiki?

JIBU: Waalaykum salaam, na shikamoo mzee wangu. Nimelifurahia swali hili, kwa kuwa taksimu ni sanaa iliyokomaa ya kufanya kile kile tunachokizungumza: mpiga udi, kanuni au fidla anachukua sauti za maqam moja, yaani mpangilio mmoja wa sauti za muziki wa Kiarabu, na kuzifanya zizungumze, bila wimbo uliotungwa kumwongoza. Pale ambapo kodi zinamwambia mpiga solo wapi atue, kwenye taksimu ni maqam yenyewe inayosema, kwa maana kila maqam ina sauti yake ya msingi na sauti nyingine za kupumzikia.

Maqam ya Hijaz inakaa vizuri sana kwenye ukulele. Uchukue uzi wa A ukiwa wazi kuwa msingi, kisha upande juu yake kwenye freti za 1, 4, 5, 7, 8, 10 na 12. Ule mruko mpana kati ya freti ya 1 na ya 4 utautambua mara moja. Chini ya msingi tumia freti ya 3, ya 1 na E wazi kwenye uzi wa E. Usianze kwa kupanda hadi freti ya 12. Kaa kwanza na zile nota nne za mwanzo, A wazi na freti za 1, 4 na 5, uzizungushe kwa utulivu, ukimaliza kila kifungu kwa kuupiga uzi wa A ukiwa wazi; kisha hamia kwenye freti ya 5, ambayo ni sauti ya nne, uifanye pumziko jipya, na kutoka hapo ndipo upande zaidi kabla ya kuteremka taratibu hadi kwenye msingi. Kwa kuwa sauti za ukulele hazikai, nota za kupumzikia zirudie kwa kidole cha shahada kama mpiga udi anavyozirudia kwa risha yake.

Rast na Bayati ni jambo jingine. Maqam hizo zina sauti zinazokaa katikati ya freti mbili, na udi unazitoa kwa sababu shingo yake haina freti. Kwa Bayati iliyoanzia A unaweza kubana freti ya 1 na kuuvuta uzi upande kwa nguvu ndogo mpaka sauti ipande kiasi, na sikio lako, ambalo limezisikia sauti hizo maisha yote, litakuambia uishie wapi. Kwa kifungu kimoja au viwili hilo linawezekana. Kwa taksimu nzima ya Bayati ningekushauri, kwa heshima zote, uendelee kuishika udi, na ukulele uiweke kwa Hijaz.